Kompyuta Iliyokaa Darini kwa Mama

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejificha, na mimi nina hasira ambayo sijui nimmalizie nani.

Kompyuta yangu imekufa.

Tangu niirudishe mjini, kila nikiiwasha ilileta maandishi meupe kwenye kioo cheusi: diski ina hitilafu, nakili mafaili yako, bonyeza F1 kuendelea. Nabonyeza F1, inafunguka, nafanya kazi zangu, nasahau. Kesho yake maandishi yaleyale. Niliizima na kuiwasha, nikachomoa betri, nikasasisha programu kama nilivyoshauriwa mtandaoni. Kunakili ndiko sikunakili. Jumanne maandishi yakabadilika: hakuna diski.

Humo ndani kuna picha za marehemu baba. Amesimama kwenye kihamba chetu, shamba la urithi, ameshika masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, na mstari wote unaonekana hadi mtoni. Baba mdogo ameing'oa yote. Amepanda migomba yake ndani kwetu na anaapa mpaka ulikuwa hapo siku zote. Jumamosi ukoo unakaa kuamua, na mama hana ushahidi mwingine.

Simu niliyopigia picha iliondoka na wezi waliovunja chumba changu hapa mjini, mtaa wa Soweto. Ndiyo maana kompyuta niliipeleka kijijini, juu ya Kwa Sadala, mama anitunzie msimu mzima wa mvua.

Leo nimeenda kwa fundi wa kompyuta, mtaa wa Pasua. Alipofungua mfuniko, masizi yakamwagika mezani. Ikanuka moshi na ndizi mbivu.

"Dada, hii ilikuwa inakaa wapi?"

Nikajua palepale. Darini, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi na ndizi za kuivisha. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi chini kwenye unyevu. Mama aliiweka mahali pazuri kuliko pote alipo napo.

Diski iligongagonga kidogo, ikanyamaza. Fundi akanipa pole na kunirudishia mashine yangu. Nimelia njia nzima, sioni aibu kuandika.

Jioni mama amepiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile picha za baba yako umeshazitoa?"

"Bado, mama. Mashine inasumbua."

"Itasumbuaje? Mimi niliitunza. Haikuguswa na tone la maji."

"Najua, mama. Uliitunza vizuri."

Akafurahi. Akaniambia nisichelewe Jumamosi, baba mdogo amezoea kuwahi na kuwajaza wazee maneno.

Sitachelewa. Nitasimama mbele yao mikono mitupu, na watasema binti wa mjini hajui kutunza kitu. Nitawaambia niliiangusha mwenyewe, ikapasuka. Ni uongo, na nitausema mama akiwa amekaa pale ananisikiliza.

Bora wanilaumu mimi. Kupoteza kihamba kunamtosha mama.