Kwandu Alikatwa Ulimi na Nani?

Jumapili, asubuhi. Buzuruga. Mvua inatishia tangu alfajiri na bado haijashuka. Ziwa lina rangi ya majivu na joto linanata shingoni.

Jana nilizungumza mbele ya watu kuhusu riwaya yangu, na nadhani nimempoteza mama mkwe.

Niandike sasa hivi, maana nikisubiri hadi kesho nitaanza kujitetea.

Ukumbi ulikuwa Mirongo, ghorofani, viti vya plastiki, feni mbili na moja haizunguki. Mada ilikuwa namna ya kuandika wahusika wasiofanana nawe. Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimeoa Msukuma, na mhusika wangu mkuu ni Kwandu, mjane wa Kisukuma anayegoma kuuza ng'ombe wa marehemu mumewe. Swali nililoliogopa ni lile la kila ninakokwenda: Mhaya anawajuaje Wasukuma? Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni wiki nzima.

Likaja mapema, kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo. Nikajibu kwamba nimeishi nao, nimekula nao, nimewasikiliza. Nikaongeza kwamba wanawake wa Kisukuma wana ukimya wenye uzito, na kwamba ukimya huo naujua kutoka ndani ya familia yangu mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Sisi Wahaya tunataniwa kwa kujisifu, na jana nilitoa ushahidi bila kuombwa.

Makofi yalipotulia ndipo nikamwona.

Hakuna aliyeniambia kuwa mama mkwe angekuja. Alikuwa amekaa karibu na mlango, Minza mke wangu pembeni yake, na kina mama wenzake wa Kisesa wamevaa vitenge vya sare ya kwaya. Kwa desturi ya ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani moja kwa moja. Nimeishi hivyo tangu nimwoe Minza. Nikiingia uani kwao, mama hugeuka upande, huvuta kitenge kichwani, hunyamaza. Nami huinamisha kichwa na kupita.

Mama akanyoosha mkono.

Mshereheshaji, binti aliyetoka Dar, akamkimbizia maiki. Mama hakuipokea. Aligeuza uso ukutani, akamnong'oneza Minza. Binti akacheka. "Mama, usiogope, muulize mwenyewe! Na wewe mwandishi, mbona unatazama meza?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nusu ya ukumbi ilielewa na ikatulia. Nusu nyingine ilidhani tuna ugomvi.

Minza akashika maiki. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mama anasema kitabu amekisikiliza chote, mjukuu wake Koku alimsomea wakati wa likizo. Anauliza: huyo Kwandu alikatwa ulimi na nani?"

Nikaanza na yale maneno yangu ya siku zote, kwamba ukimya nao ni nguvu. Sikufika mbali. Kina mama wa Kisesa walikuwa wameshaangua kicheko, na mmoja wao akapaza sauti bila maiki: "Ukimya upi, baba? Huyu akianza kusimulia msibani, hadi wafiwa wanashika mbavu!"

Hapo ndipo nilipoelewa, jasho likinitiririka mbele ya watu wote. Kwandu nilimwandika kwa kumwangalia mama mkwe kwa kuibia, jinsi anavyogeuka, anavyovuta kitenge, anavyonyamaza. Nikasema hiyo ndiyo tabia yake. Kisha nikawabebesha wanawake wote wa Kisukuma tabia hiyo hiyo, na nikasifiwa.

Ananyamaza kwa sababu nimeingia mimi.

Basi. Nikitoka tu, uani kunarudi kelele, na mimi nimeshafika barabarani naelekea nyumbani kuandika kuhusu kimya.

"Mwambie mama," nilimjibu Minza, macho yangu bado mezani, "aliyemkata ulimi ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kabla kikao hakijaisha, kina mama wote walikuwa wameondoka. Minza hajanisemesha tangu tutoke pale. Na Jumamosi tunatakiwa kwao Kisesa, mdogo wake anaposwa. Naogopa kufika nikakuta sina nafasi. Naogopa zaidi kupewa nafasi nzuri, chakula kizuri, adabu zote, na moyoni mwao wawe wameshanifunga nje.

Sasa hivi Minza yuko jikoni, anampigia mama yake simu. Humpigia kila Jumapili, ila huwa anaingia chumbani na kufunga mlango. Leo ameweka spika, simu ameiegemeza kwenye sufuria huku akimenya ndizi, na mlango kauacha wazi. Mimi niko barazani na kompyuta mapajani.

Sauti inayotoka ni nene na ya haraka, Kiswahili na Kisukuma vinagombania njia. Anamwiga mshereheshaji anavyokimbia na maiki. Ananiiga mimi ninavyojifuta jasho kwa karatasi za hotuba yangu. Minza anacheka, kwanza kwa kujizuia, kisha kashindwa. Miaka yote hii ya ndoa, sijawahi kuisikia sauti hii. Nacheka kidogo na macho yananiuma.

Kisha sauti ya mama inashuka. "Baba Koku yuko wapi?"

"Yuko hapo barazani, mama. Anasikia."

Kimya. Nakijua hiki. Nimekiandikia kitabu kizima. Vidole vyangu vimesimama, naogopa hata kukohoa.

"Basi sogeza simu mlangoni," anamwambia Minza. "Hiyo ya jasho naianza upya."

Naacha kuandika hapa.