Nilisugua Miwani ya Mume Wangu kwa Mchanga, Sasa Mkimbizi Anafukuzwa

Mama Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijapata kichaa, maana mtu wa kumwambia sina.

Mume wangu Maiko anafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea hapa Kashaulili, wanatengeneza mageti na kurekebisha plau, na bosi wao Mzee Ngolo alimletea miwani mpya ya plastiki ya kukinga macho wakati wa kusaga chuma, mwenzake Cyriaque, mkimbizi aliyetoka makazi ya Katumba, akabaki na ya zamani. Sasa Jumamosi moja mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Majimoto, na unajua mama mkwe akiingia anaangalia kwanza vitako vya sufuria, nikatoa vyombo vyote nje nikavisugua kwa majivu na mchanga mpaka vikang'aa, nikaiona na ile miwani imejaa masizi, nikasema ngoja nimfurahishe mume wangu, nikaisugua na yenyewe hivyo hivyo, nikairudisha kwenye mfuko wake wa kazi. Jumatatu akauacha mfuko karakanani akaenda kuchukua dizeli ya jenereta, aliporudi akaivaa, haoni kitu, mikwaruzo mitupu, na aliyekuwepo pale ni Cyriaque peke yake.

Alirudi nyumbani amefura kwa hasira, na kabla sijafungua mdomo akasema ni Cyriaque, ni wivu, na mama mkwe akadakia, "Si nilisema? Nyie mnawaamini mno hawa watu wa Katumba!" Mama, nikanyamaza. Nikasema nitasema kesho, na kesho ikawa ngumu kuliko jana. Mzee Ngolo ametangaza kwamba mwisho wa mwezi Cyriaque aondoke, na bila kazi hana kibali cha kukaa mjini, anarudishwa kwenye makazi ya wakimbizi. Mke wake Rosine, tunachota naye maji, alikuja na kichanga mgongoni akanishika mikono, "Dada, ongea na baba watoto, wewe atakusikia, Cyriaque hana roho hiyo." Nikamjibu nitajaribu. Nilimjibu hivyo namwangalia usoni, Mama!

Na Maiko sasa anasaga chuma macho wazi, cheche imemwingia, jicho jekundu linatoa machozi, mama yake anataka kulikamulia majani. Jumapili nilisingizia tumbo nisiende kanisani, nikaipaka miwani dawa ya meno, ukungu ukapungua kidogo, kwa tamaa nikaongeza majivu, ikawa mbaya zaidi. Naomba uniambie nitumie nini hapa nyumbani mikwaruzo ifutike kabisa, Maiko aikute safi maneno yaishe bila mimi kusema, maana akijua atanirudisha kwetu.

Prisila, Mpanda

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Prisila. Miwani kwanza, kwa kuwa ndiyo uliyoulizia. Dawa ya meno nyeupe, kidogo tu, kwenye kitambaa laini cha pamba, baada ya kuosha mchanga wote kwa maji na sabuni, unazungusha polepole bila kukandamiza, unasuuza. Hiyo inapunguza mikwaruzo myembamba. Pitisha ukucha: ukikwama, acha, hakuna dawa. Na majivu, jamani! Plastiki si sufuria. Kwa ulivyoeleza, hiyo haifai tena kukinga jicho la mtu. Inunuliwe nyingine, na mpaka ipatikane Maiko asiguse mashine ya kusagia.

Jicho lake lipelekwe hospitali leo. Si majani, si maziwa ya mama. Chuma kikikaa ndani ya jicho, kinalipofua.

Sasa wewe. Nakuonea huruma, hukufanya kwa ubaya, ulitaka kusifiwa kama mke yeyote. Lakini kunyamaza kwako ni ubaya, na usijidanganye. Hata miwani ing'ae kama mpya, Cyriaque ataendelea kuitwa mhalifu. Watasema kaogopa, kaisafisha kwa siri. Utakuwa umempa kosa la pili.

Unaogopa kurudishwa kwenu. Wewe kwenu kupo, mama yako atakupokea. Rosine akifukuzwa na kichanga chake, kwao ni wapi?

Usikiri nyumbani mbele ya mama mkwe, yataishia jikoni. Cyriaque alishutumiwa karakanani, nenda karakanani. Simama mbele ya Mzee Ngolo, Maiko na Cyriaque, useme: "Ni mimi, niliisugua kwa mchanga." Maiko atapiga kelele. Mwache apige, halafu amwombe mwenzake radhi mbele ya hao hao. Kutoka hapo nyoosha kwa Rosine. Kama wameshaondolewa, muombe Mzee Ngolo amwandikie Cyriaque arudi kazini, na wewe na mumeo mfunge safari mkawafuate.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadili yote, lakini karakana yenye miwani iliyokwaruzwa na mkimbizi anayefukuzwa, Mpanda ziko ngapi? Gazeti hili linashuka na treni, na jioni yake linafungiwa maandazi sokoni. Kama umelisoma na Maiko bado yuko kazini, umebakiwa na mchana wa leo tu. Vaa kandambili uende.