Kaka, Saruji Yako Imevunjwa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, mvua zikianza kukatika.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza. Mama alitulea hivyo: hata ukienda kwa mtu kugombana naye, bisha hodi, msalimu, ndipo ugombe. Basi hodi. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo, kifua kimeachia? Naomba barua hii ikukute mzima, umeshakula na umeketi, maana si ya kusomwa ukiwa umesimama. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Sisi huku wazima. Mama anajikongoja na fimbo yake mpaka jikoni na kurudi. Mimi bado naendesha basi la shule: asubuhi nawakusanya watoto wa watu, mchana nakuwa nyumbani, alasiri nawarudisha makwao. Salamu zimekwisha.

Saruji yako imevunjwa. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla Mjomba hajakupigia na chumvi zake. Imevunjwa kuanzia mlango wa jikoni hadi ukuta wa nyuma. Sikuandikii kuomba radhi. Nakuandikia kukwambia ulifunika nini, kwa sababu siku zote ulizokaa hapa hukuuliza.

Kiharusi kilipompata Mama, upande wa kulia ulilala na maneno yakaondoka nao. Mkono ule, Kaka. Ule uliokata vitambaa kiwandani kwa mkasi mzito kama nyundo mpaka tukasoma, mimi na wewe. Ulituma dawa. Ulituma kiti cha magurudumu. Sikatai, ulituma kila kinachoweza kutumwa. Lakini hukuwapo pale kliniki yule mama wa mazoezi ya viungo aliponiambia, "Mkono wa kushoto usipofundishwa kazi, utamlisha kwa kijiko mpaka mwisho." Akampa mpira wa kuminya, Mama akaurusha chini ya kitanda. Akampa shanga azitunge, akazimwaga zote sakafuni huku anamtazama usoni. Unamjua mama yako.

Aliyemtoa kitandani ni mpera wa nyuma. Ilikuwa kipupwe. Nilimsogezea kiti mlangoni apate jua, nikaketi karibu yake na mfuko wa penseli za rangi ambazo watoto huzisahau kwenye basi na hakuna anayekuja kuziulizia. Mama akachomoa moja kwa mkono wa kushoto. Akautazama mpera, jinsi gome lake linavyobanduka vipande vipande, kisha akachora juu ya bahasha ya kliniki. Kilichotoka kilifanana na soksi iliyochanika. Tulicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake nilipovua viatu tu, akagonga meza: "Tena."

Nikamnunulia kitabu kikubwa kisicho na mistari, chenye jalada gumu, na toka hapo hatukulala. Kila mchana, yeye anachora kitu kimoja kilichopo nyuma ya nyumba, mimi naandika pembeni: ni majira gani, upepo ukoje, mbingu zikoje, kitu kinaitwaje. Kipupwe chote kilikuwa gome, umande juu ya utando wa buibui, na yule chiriku mwenye mguu mmoja mbovu. Siku moja nikaandika "kipepeo". Mama akapiga kiganja juu ya ukurasa. "Siyo." Nikamwuliza basi ni nini, akatafuta neno, jasho likamtoka, akalikosa. Akachora upya, mabawa yakiwa yamelala bapa na vipapasi vina manyoya. Nondo. Nilipolitamka mwenyewe kwa sauti, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyechoka na mwanafunzi mzito.

Vuli ikaingia na kumbikumbi, uyoga ukutani, na jongoo. Huyo jongoo alimchora siku tatu mfululizo kwa sababu ya miguu. Anachora, mwenzake anatembea, inabidi aanze upya. Na siku ya tatu, bila kuulizwa, akasema, "Jongoo." Neno zima, halina kovu. Kaka, mama za wenzetu wakirudiwa na sauti huita majina ya watoto wao. Wetu aliita jongoo. Nililia ndani ya basi alasiri ile mpaka watoto wakaniuliza nani amenipiga.

Toka hapo kila alichokichora alikidai na jina lake. Kiangazi kilipofika alikuwa ameshajilisha mwenyewe, ameshafunga vifungo, na michoro ilikuwa michoro kweli: mjusi juu ya jiwe la kufulia, siafu wakivuka na yai, nyasi zilizokauka mpaka zikawa na rangi ya chai. Mpera ulizaa, akachora pera lililotobolewa na ndege, mbegu zote ndani. Tukaacha karatasi za mwisho wazi kwa ajili ya masika, ili mwaka ufunge duara lake. Alikuwa anazipapasa kila jioni kabla ya kufunga kitabu.

Ndipo ukaja wewe. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ulikuja, mwenyeji akaugua.

Nakukumbuka umesimama na simu sikioni, unakifunua kile kitabu kwa kidole kimoja kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. Ukacheka. Ukasema, "Kumbe Mama amerudi chekechea!" Alikuwa ameketi hapo hapo. Kilichougua ni ulimi, Kaka, siyo masikio.

Kisha ukanituma nimpeleke kliniki mapema na nisiharakishe kurudi, eti una zawadi unamwandalia. Mimi mjinga nikafurahi. Nikampaka mafuta, nikamfunga kitambaa chake kizuri. Tuliporudi, tulipitia jikoni, na Mama akaunyoosha mguu wake mzuri mahali palipokuwa na udongo. Akagonga kwa fimbo. Ko. Akagonga tena mbele kidogo. Ko. Kijivu kila mahali, bado kibichi huko mwisho, na mbao kuzunguka. Mpera haupo. Jiwe la kufulia halipo. Hata kile kichaka cha ukutani alimokuwa akijificha yule chiriku, kimekwenda.

Ukasema, "Mama, zawadi yako! Hakuna tena nyoka, hakuna mbu, hakuna kujikwaa!" Na ukampiga picha. Jioni nikaiona kwenye kundi la ukoo, kabla na baada, na chini yake umeandika: "Mama amekosa la kusema kwa furaha."

Amekosa la kusema! Uliandika hivyo juu ya mwanamke aliyetumia majira matatu kutafuta maneno mdudu mmoja mmoja. Na watu wakakumiminia hongera. Fundi akaniambia amesuka nondo chini yake, saruji ile haitapasuka hata lori lipite. Sisi tulikuwa na nondo wenye mabawa, wewe ukatuletea nondo za chuma.

Nilipokupigia simu, ulikuwa umesharudi kwako. Ulinijibu hivi, na nimelihifadhi neno kwa neno: "Mdogo wangu, majani si yako kila mahali? Mpeleke bustani ya mji." Bustani ya mji! Mtu anayehesabu hatua za kufika chooni!

Sasa sikiliza kilichofuata, maana huku ndiko usikokupigia picha. Mama hakushika penseli tena. Nilimfungulia kitabu, akakifunga. Nilimletea ua kutoka njiani, akaligeuzia uso. Kijiko kikarudi mkononi mwangu. Vifungo vikarudi kwangu. Maneno yakaanza kuondoka kwa mpangilio ule ule yaliyokuja nao, mpaka nikaanza kuogopa kumwuliza chochote nisije nikamwona analikosa jibu. Yule mama wa mazoezi alimminya vidole akaniangalia kwa ukali, "Mmemfanya nini huyu?" Nikasema kaka yangu amempenda.

Mjomba naye akaja kunisomea. Eti tushukuru, wangapi wana watoto wanaowakumbuka. Nikamwuliza kama angependa nimng'oe meno akiwa usingizini, kisha nimpige picha ya tabasamu. Ameninunia mpaka leo.

Masika yakaingia. Fundi wako aliilaza saruji kwa ustadi mkubwa, na mteremko ukaelekea nyumbani. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha alfajiri. Nilikuwa navaa niende kuchukua basi, nikasikia kitu kinagongagonga chumbani kwa Mama. Zilikuwa kandambili zake, zinaelea na kugonga mguu wa kitanda. Maji yalikuwa yameingia kupitia jikoni, yamelowesha zulia na godoro upande wa chini, na Mama amekaa katikati ya kitanda, amekunja miguu kama mtoto, anayatazama. Nikachukua beseni nikaanza kuchota huku nakutukana. Ndiyo, nilikutukana, na sijutii hata moja.

Akasema, "Vunja."

Nikadhani nimesikia vibaya. Alikuwa hajasema neno siku nyingi. "Unasema nini, Mama?"

"Vunja," akarudia, na akaelekeza fimbo nyuma.

Siku ile nilichelewa kazini. Nikamfuata fundi, yule yule wako, kwa sababu nilitaka aione kazi yake. Akaja, akaona maji, akatikisa kichwa. Lakini kuvunja akasita. "Dada, aliyenipa kazi hii ni kaka yako. Kesho akiniuliza nitamjibu nini?"

Mama alikuwa amejiburura mpaka mlangoni. Alihangaika na neno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na wala sikumsaidia. "Nyumba," akasema. Akapumua. "Yangu."

Fundi akavua kofia. "Basi, Mama. Wewe ukisema vunja, mimi ni nani?" Akaenda kuchukua nyundo kubwa.

Alivunja siku mbili, na Mama alikaa mlangoni siku zote mbili na mwavuli mapajani, hataki kuingia ndani hata kula. Kila pigo alikuwa anafumba macho na kuyafumbua. Kipande cha mwisho kilipotoka, akaniambia, "Kitabu." Nilikimbia, Kaka. Mwanamke wa umri wangu, nilikimbia.

Usifikiri nakuja kukwambia mpera umechipua. Haujachipua. Lipo shina, limekatwa hadi chini, jeusi, na fundi anasema tusijipe matumaini. Chiriku sijamwona. Alichokichora Mama kwenye ukurasa wa kwanza wa masika ni udongo mtupu. Penseli ya kahawia, ukurasa mzima, kakandamiza mpaka ikavunjika, nikachonga, akaendelea. Nikamwuliza niandike nini pembeni. Akasema, "Andika udongo." Maneno mawili, Kaka. Wiki iliyofuata akachora nyungunyungu, na jina hilo linamshinda. Huishia "nyungu", anakasirika, anaanza upya. Jana amekula mwenyewe, amemwaga nusu kifuani, na hakutaka nimfute.

Najua uliogopa ataanguka. Hilo peke yake nakuelewa, kwa sababu kila asubuhi nikiwasha basi nawaza nitamkuta sakafuni. Lakini ungeniambia, "Naogopa," tungekaa tukaongea. Fundi ametupangia vile vipande vya saruji vikawa njia nyembamba mpaka ukutani, akaweka na bomba la kushikilia. Ilimchukua asubuhi moja. Kumbe ndicho tu kilichohitajika, na wewe ukaja na lori zima la wema usio na masikio.

Kwa hiyo nakuomba, na si ombi: usitume mtu. Usitume miche, usitume mbegu, usitume kiti cha bustani. Ile picha iondoe kwenye kundi la ukoo, na mwenyewe uwaambie kwa nini. Na ukipiga simu, usiseme na mimi kuhusu Mama kana kwamba hayupo chumbani. Omba upewe yeye, kisha umsubiri. Anachelewa, lakini anafika.

Nisalimie Wifi, mwambie vitenge alivyotuma vimefika na nimeshashona kimoja. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba hajambo, ana hasira na afya. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe riziki ya halali na moyo mwepesi wa kusikia.

Nilipokaa kuandika nilimwuliza Mama kama ana salamu kwako. Sikutaka kukubunia. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Aje."

Nikasema nitakuandikia hivyo. Akanizuia, maana alikuwa hajamaliza. Akauinua ule mkono wa kushoto, akaufungua, akanionyesha kiganja chote.

"Mikono mitupu," akasema.

Mdogo wako, akupendaye hata leo akiwa na hasira nawe.