Jiko la Mtu Mmoja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limekubali tena kupanda ngazi, na kwamba shemeji amepunguza kukoroma hata umerudi kulala chumbani kwako. Mimi huku mzima, cherehani nzima, wateja wapo. Kisicho kizima ni moyo, nao hauumwi, umekasirika. Tafuta mahali ukae, maana nimeshika kalamu nikiwa na hasira na sioni dalili kwamba itapungua nikifika mwisho.

Tangu marehemu aniache peke yangu katika vyumba hivi viwili juu ya duka la rangi, nimejifunza kwamba kuishi peke yako kuna shule yake. Mwanzoni nilipika kama bado tuko wengi. Nilikula maharage yaleyale mpaka nikayachukia, mengine yakaishia kwenye taka. Baadaye nikapata akili. Maharage nayaloweka, nayachemsha mara moja, nayagawa kwenye vibakuli vya wiki nzima. Wali ukikaribia kuiva nazima moto, naifunika sufuria kwa blanketi kuukuu, unajimalizia wenyewe. Sokoni naenda jioni, wauzaji wakiwa wamechoka kubembeleza watu na wanaogopa kurudi na mzigo. Kabichi nanunua kwa ubia na fundi saa wa mlango wa pili, mjane mwenzangu. Tunaikata katikati na kugombea upande wenye moyo. Dada, nilikuwa nimeipatia. Mtungi wa gesi ulinipeleka mpaka nasahau niliununua lini.

Ndipo akaja Mizani. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, kwa jinsi mwanangu alivyokuwa akigawa peremende kwa kuzipima kiganjani. Alikuja na mkewe Jumapili moja, akakataa chai, akaanza kunipigia hesabu. Akasema kumpikia mtu mmoja ni hasara tupu, kwa sababu moto unaochemsha yai moja ndio huohuo ungechemsha kumi. Nusu ya nyanya huozea kapuni. Tena, mtu wa umri wangu kukaa peke yake na gesi ni kucheza na hatari. Shauri lake likawa kwamba wao wapike, waniletee, nami nichangie kidogo kila mwisho wa mwezi. Nikamwambia sijaomba msaada. Akasema, "Mama, kwani mpaka uombe? Sisi si wanao?"

Ukiulizwa hivyo unajibu nini? Aliniziba mdomo kwa mapenzi. Akaondoka na jiko langu begani na mtungi mkononi, eti anakwenda kunitunzia. Mkewe alimfuata nyuma bila kuinua macho. Nikasema moyoni, huyu mkwe ana kiburi.

Basi nikaanza maisha ya kula vya bakulini. Chakula kililetwa kimepoa. Kila wiki mchuzi ulizidi kuwa mwepesi, mpaka ungeweza kusoma gazeti lililolala chini yake. Mkwe wangu alitua bakuli mezani, akauliza kama la jana limeoshwa, akatoka mbio kama anayedaiwa. Nilipompigia Mizani kulalamika, alinijibu kwamba bei zimepanda na kwamba wako akina mama wengi ambao wangeshukuru. Nishukuru! Mchango nilitoa bila kuchelewa, na kila alipouongeza nililipa. Usiniulize kwa nini nilinyamaza. Nilishaanza kujiona mzigo, na mzigo haubishani na anayeubeba.

Hujui nyumba isiyo na moto ilivyo, Dada. Mgeni akija huna hata chai ya kumpa. Fundi saa alipobisha hodi na kabichi yake, nilimdanganya kwamba siku hizi sili kabichi. Akasimama pale mlangoni ameikumbatia kama mtoto aliyekataliwa na baba yake.

Asubuhi moja nilishikwa na hamu ya yai la kukaanga. Yai tu, si ng'ombe mzima. Nikaigeuza pasi ya umeme chini juu, nikaibana kwa matofali mawili, nikaweka kifuniko cha bati juu yake na yai juu ya kifuniko. Usicheke. Liliiva upande mmoja, upande wa pili ukateremka ukapaka pasi. Nilidhani nimeifuta vizuri. Mchana nikapiga pasi pazia jeupe la yule mama mwenye duka la dawa, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kunirudishia. Akaniambia pale ngazini, mbele ya majirani, kwamba yeye alilipia pazia, hakulipia kifungua kinywa.

Hapo nikasema sasa basi. Mwanamke niliyeshona mapazia ya nusu ya mtaa huu, naaibishwa kwa sababu ya yai! Kesho yake nilivaa viatu vya kufunga, nikachukua bakuli na chakula chao ndani, nikaenda kwenye ghala la saruji ambako Mizani anatunza stoo. Nilitaka nimfunulie bakuli hilo mbele ya wenzake wote, waone anavyomlisha mama yake.

Mlinzi wa getini ananifahamu. Alinipa kiti chake, akaniangalia, akaliangalia bakuli. Akauliza polepole, "Mama, kwani hukuambiwa? Mizani walimpunguza kazini tangu wakati wa mvua, yeye na watu wote wa stoo." Akafikiri chakula kile nilikuwa nampelekea mwanangu. Sikumsahihisha. Nilibaki nimekaa mpaka malori mawili yakapakiwa na kuondoka, kisha nikaenda nyumbani kwao.

Nilimkuta Mizani amekaa sakafuni mchana kweupe, anachambua mchele kwenye ungo. Mkewe alikuwa amemwagia sufuria maji na anakwangua ukoko. Kile alichokuwa anakwangua kilikuwa chakula chao, Dada, si uchafu wa kuosha. Nikaliweka bakuli mezani. Mizani akaanza kunieleza habari za likizo, ndipo mkewe akatupa kijiko na kusema, "Mimi nimechoka. Mwambie mama, au nitamwambia mimi."

Mizani alinieleza akiwa ameinama. Jiko langu na mtungi aliviuza wiki ileile ili wasitolewe nyumbani. Kazi hajapata. Na ule mchango wangu ndio uliokuwa ukinunua chakula cha nyumba nzima. Mkewe alinipakulia mimi kwanza, kisha akaongeza maji ili wao wapate cha kugawana. Mchuzi niliousema mwepesi ndio uliokuwa mzito! Kumbe mimi niliyeambiwa nishukuru ndiye niliyekuwa nawalisha.

Nilifoka mpaka jirani yao akafunga dirisha. Si kwa sababu walikula changu. Mtoto akila cha mama yake hajaiba. Nilifoka kwa sababu walinifanya nijione sifai kitu, kumbe mashine yangu ndiyo iliyokuwa inapeleka nyumba mbili. Nikamwambia, ungesema tu, "Mama, tuna njaa." Ningelibeba lile jiko mwenyewe nikakuletea. Akasema aliona aibu, mwanamume mzima kwenda kumwomba mama yake mshona mapazia. Nikamwambia aibu hiyo ameila miezi yote hiyo, na bado hajashiba.

Tulilia, naam. Lakini kulia hakuivishi maharage. Nimenunua jiko lililotumika, bovu kidogo upande mmoja. Kila jioni wanakuja kwangu na tunapika sufuria moja ya kila mtu, na kweli moto hauoni tofauti. Alfajiri Mizani anashusha magunia sokoni, na tukimaliza kula yeye ndiye anayeosha vyombo. Mkewe, yule niliyemwita mwenye kiburi, namfundisha kupinda mapazia. Ana mkono mzuri kunizidi. Nilimwomba radhi, akasema hata yeye angefikiri hivyohivyo kama angekuwa mahali pangu.

Sasa nije kwako.

Siku ile, nilipokuwa nimechoka kufoka, niliuliza nani mwingine anajua. Mizani akatazama ukuta. Mkewe ndiye aliyejibu. Alisema, "Mama Mkubwa anajua. Ndiye aliyesema tusikwambie, presha yako itapanda. Hata shauri la kukupikia kwetu ni lake."

Dada! Wewe uliyenipigia simu kila Ijumaa ukiniuliza kama nakula vizuri. Wewe niliyekusimulia habari za ule mchuzi, ukaniambia nivumilie, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Ulijua. Uliniacha nimchukie mtoto wa watu aliyekuwa akinipakulia mimi kwanza. Najua utasema ulitaka kunilinda. Lakini siku tuliyomzika marehemu, ni wewe uliyenishika mkono na kuniambia nisimruhusu mtu yeyote anifanye mgonjwa kabla sijaugua. Nilikushika neno. Wewe mwenyewe je?

Presha yangu haina neno. Imepanda mara moja tu, na ni pale niliposikia jina lako.

Sikuandikii ili tuachane. Sina dada wa akiba. Nakuandikia uje, panda gari Jumamosi. Usije na zawadi na usije na maelezo. Njoo na kisu chako, nina vitunguu tele vya kumenya. Utakaa jikoni kwangu uvimenye vyote, nami nitakaa mbele yako nikutazame unavyolia, na sitakuuliza unalilia nini.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Mizani na mkewe wanakupa shikamoo. Ni mimi niliyewalazimisha.

Akupendaye, ingawa bado amenuna,
Mdogo wako