Ubao Nilioufuta

Chumba cha nne, ghorofa ya pili,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, tarehe 16 Novemba

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na heshima zako zote mbili, ya uwifi na ya ukubwa. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwa raha, si umeinamia cherehani huku pini zimekujaa mdomoni. Goti linaendeleaje? Na lile jicho la kushoto, ulikwenda kulipimisha, au bado ni "wiki ijayo" kama ulivyoniambia mwezi wa tano? Mimi si daktari, lakini fundi asiyeliona tundu la sindano ana kesi ya kujibu.

Sisi tu wazima. Kaka yako bado analinda bohari ile ile, anasoma magazeti ya wiki iliyopita na kubishana nayo kana kwamba yatamjibu. Mgongo humuuma asubuhi, ikifika adhuhuri ameusahau. Amesema nikuandikie kwamba hajanenepa. Amenenepa.

Uliniuliza kama ualimu nimeupata tena. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe lina aibu ndani yake. Kaka yako nimemwambia nusu. Nusu ya pili ataisoma humu, maana barua zangu huzisoma yeye kwanza, kisha ndiyo azipeleke posta.

Unakumbuka vyeti vyangu vilibaki kwenye sanduku la chuma, sanduku likabaki na nyumba, nasi tukabaki na roho zetu. Ni mwaka wa kumi na tisa huu. Kumi na miwili kati ya hiyo nimefagia madarasa ya shule iliyo mtaa wa pili kutoka hapa. Watoto wakanibatiza Mama Fagio, nami nikaitika, kwa kuwa jina lenyewe halikuwa na uongo. Mwaka huu chuo cha ualimu kikafungua mlango kwa watu waliofundisha kwingine: mwaka mmoja wa masomo na mazoezi ya darasani, bila kuulizwa umri. Nikapangiwa kufanya mazoezi shule ile ile. Ijumaa nikakabidhi ufagio, Jumatatu nikaingia na andalio la somo kwapani.

Nilidhani nakwenda kukumbuka tu. Wifi, nilikwenda kujifunza, na hilo ndilo lililonichoma.

Darasa la nne tuliwekwa wawili. Mwenzangu ni binti wa miaka ishirini na mitatu, watoto wanamwita Dada Mwalimu. Utaratibu ni kwamba mmoja akifundisha mwingine anakaa dawati la nyuma na fomu, anaandika alichokiona. Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu atabaki na mmoja wetu tu. Nafasi ni moja, na hilo tuliambiwa siku ya kwanza.

Wiki mbili za mwanzo nilimhurumia. Mwandiko wake unapanda mlima. Chaki inamvunjikia mkononi. Akisahau jambo husema mbele ya watoto, "Hili nimelisahau, tulitafute wote," na mimi nyuma nikiandika kwenye fomu: mwalimu hana uhakika.

Kisha nikaanza kuona. Anauliza swali, halafu ananyamaza. Siku moja nilihesabu moyoni nikafika tisa, na bado amenyamaza, anawatazama tu kwa uso wa mtu anayesubiri mgeni anayempenda. Ilipofika kumi mikono ikanyanyuka, na mmoja ulikuwa wa mtoto ambaye mimi nilikuwa nimemwandika kama bubu. Mimi, wifi, ningefika tatu ningejibu mwenyewe. Miaka kumi na saba kule nyumbani nilikuwa najiuliza maswali na kujijibu, watoto wananakili, na mkaguzi ananisifu kwa ubao uliopangika.

Ningependa kukuambia kwamba usiku ule nilifurahi kujifunza. Sikufurahi. Roho iliniuma kama jino. Nikawa naona kila kitu: watoto wanavyogombania kumbebea madaftari, wanavyomwiga kuweka kalamu nyuma ya sikio, wanavyonisalimia mimi kwa adabu kamili na kukimbia. Adabu kamili, na hakuna aliyenigombania hata siku moja.

Kaka yako alinigundua. "Unamwonea wivu mtoto wa kumzaa," akasema.

"Mimi? Nimwonee wivu kwa lipi? Mwandiko ule?"

"Umemtaja mara sita tangu tuanze kula. Mimi nimetajwa mara moja, tena ni kuhusu chumvi."

Nikamwambia ale anyamaze. Lakini alisema kweli. Tena haukuwa mwandiko, wala si kupendwa na watoto peke yake. Binti yule akikosea leo, ana miaka thelathini mbele yake ya kurekebisha. Mimi miaka yangu niliimaliza nikisogeza madawati ili nifagie chini yake, wakati mambo haya ningeweza kuyajua.

Jumatatu iliyopita mkufunzi kutoka chuoni alikuwa anakuja kumtazama Dada Mwalimu. Somo lilikuwa sehemu: nusu, robo, theluthi. Binti aliwahi mapema mno, akachora ubao mzima kwa chaki za rangi, tangi kubwa la maji limegawanywa kwa mistari, kila sehemu na rangi yake. Kisha akaenda ofisini kumpokea mgeni. Watoto walikuwa mstarini uwanjani. Nikaingia peke yangu.

Nilisimama mbele ya ubao ule. Niliusoma wote, kutoka kushoto mpaka kulia. Ulikuwa mzuri. Hata mwandiko safari hii haukupanda mlima, alikuwa amepiga mistari kwa rula. Nikachukua dasta nikafuta. Sikuharakisha. Nilifuta kwa mistari iliyonyooka, juu kushuka chini, kama nilivyofuta ubao ule kila jioni kwa miaka kumi na miwili, kisha nikapangusa vumbi la chaki kwenye kingo kwa kitambaa, nikaenda kukaa dawati la nyuma na fomu yangu.

Waliingia wote pamoja. Dada Mwalimu aliutazama ubao. Mkufunzi akakaa karibu nami, akafungua kalamu.

"Simameni," Dada Mwalimu akawaambia watoto. "Leo ubao ni nyinyi."

Darasa lina watoto thelathini na sita. Akawahesabu, wakawa thelathini na watano, mmoja ana surua. Akatafuta, macho yakanifikia mimi. "Mama Mwalimu, njoo tukamilishe."

Nilikwenda, wifi. Ningefanyaje? Nikasimama katikati ya watoto wa miaka kumi, mtu mzima na miwani yangu. "Nusu yenu ukutani!" Wakakimbia, wakahesabiana, wamezidi wawili, wakasukumana, wakarudi. "Robo mkae chini!" Msichana mmoja mwenye pengo la meno mawili akanivuta sketi.

"Mama, wewe uko robo gani?"

"Sijui," nikasema.

"Basi kaa na sisi, tumepungua mmoja. Ila ukikaa usisimame tena, utatuharibia."

Nikakaa sakafuni. Hata yule niliyemwita bubu alikuwa anapiga kelele, "Theluthi ni kumi na wawili, nyinyi kumi na watatu, toeni mtu!" Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kuyaona, na nililisaidia mimi kwa nia mbaya.

Baadaye ofisini mkufunzi akauliza mbona andalio linataja mchoro na ubao ulikuwa mtupu. Dada Mwalimu akasema ulikuwepo, haelewi umekwenda wapi. Mwalimu mkuu akanitazama, akacheka mpaka akashika meza.

"Si Mama Fagio huyu! Mkono umezoea! Akiona chaki tu, anafuta."

Wote wakacheka. Dada Mwalimu naye akacheka, bila kinyongo hata chembe. "Lo, pole Mama! Ni kosa langu, ningekuachia karatasi ya 'usifute'."

Nami nikacheka pamoja nao.

Nilitoka mzima, jina safi, hakuna aliyenishuku. Hiyo ndiyo nusu niliyomwambia kaka yako, kama kichekesho, naye akacheka. Lakini siku tatu chakula hakikupita. Mwanzoni nilidhani ni dhambi tu inanisumbua. Kumbe ni zaidi ya hapo. Ili nisamehewe, ilinibidi niwe mfagiaji. Walinisamehe upesi vile kwa sababu hakuna hata mmoja mle ofisini aliyefikiria kwamba niliweza kuusoma ubao ule kabla ya kuufuta.

Alhamisi nilibisha hodi ofisini. Mkufunzi alikuwepo, anamalizia makaratasi. Nikaomba Dada Mwalimu aitwe. Nikasema nikiwa nimesimama: "Ubao sikuufuta kwa mazoea. Niliusoma wote, nikauona ni mzuri, ndiyo nikaufuta."

Mwalimu mkuu alianza kutabasamu, akadhani bado ni mzaha, kisha tabasamu likamfia. Mkufunzi akavua miwani. Dada Mwalimu ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikupanda.

"Nilifika hapa saa kumi na mbili kuuchora, Mama. Ungeniambia tu kwamba hunipendi. Nisingeshangaa."

"Ningekuwa sikupendi tu ningeuacha," nikamjibu. "Niliufuta kwa kuwa nilitamani uwe wangu." Hilo lilikuwa kweli, lakini yeye hakulitaka, akageukia dirishani.

Uamuzi haukuchukua muda. Nafasi ya mwaka ujao ni yake. Mimi sikufukuzwa, ila mazoezi yangu yote yamefutwa, naanza upya kutoka wiki ya kwanza. Mkufunzi aliandika hayo mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike katika nchi hii mtu mwenye kalamu aliandika "mwalimu" mbele ya jina langu, katika karatasi ya kuniadhibu. Niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Kaka yako, kama unasoma hapa: ndiyo, ilikuwa hivyo. Tutazungumza ukishabandika stempu.

Wifi, usinitumie barua ya kunifariji. Nitumie ya kunigombeza, nimeikosa sauti yako ya kugombeza. Wala usidhani wivu umeniisha kwa kuungama, ningekudanganya. Ijumaa nilimwona anavuka uwanja na watoto wamemzunguka, na nikajikuta nawahesabu waliombebea madaftari, kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa ananijua, nami najijua, na hatuwezi tena kuchekeana.

Unisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nitaituma kwa atakayekuja kwanza. Msalimie mume wako mpole, shemeji yangu asiyebishana na gazeti. Wasalimie mapacha, na yule wa mwisho anayejiita rubani. Mungu awape afya, awafungulie riziki, na kila aliye mbali na kwao ampe mtu wa kumwandikia.

Nakomea hapa, maana nina andalio la kuandika. Kesho saa mbili nafundisha nusu, robo na theluthi, somo lile lile, kwa darasa lingine. Anayeketi nyuma na fomu ni Dada Mwalimu. Nikiuliza swali nitanyamaza, nitahesabu mpaka kumi, naye atakuwa anahesabu pia.

Mke wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka daima,

Wifi yako