Bunduki Uliyoirudisha

Kwako Baba, huko uliko,

Asubuhi ya leo ukungu umeshuka hapa Kiganjo mpaka nyumba ya jirani imepotea. Nilikuwa nimeketi mlangoni na kikombe cha chai, nikakuona ukija kwa baiskeli. Hukuwa na haraka. Ulivaa ile kofia yako ya kijivu, na nyuma ulikuwa umefunga vipande vya ngozi kwa kamba ya mkonge. Halafu boda boda ikapiga honi, ukayeyuka. Mimi sasa nimekuzidi umri, Baba. Wewe ulituacha ukiwa na miaka hamsini na kitu, nami nachungulia themanini. Lakini ukinijia hivyo, huwa nina miaka tisa tu.

Nakuandikia kwa sababu ya Njoroge, mwanangu, mjukuu ambaye hukumwona. Amejenga kule Theta. Mwezi uliopita wezi waliingia kwake mchana kweupe, wakamfungia mkewe chooni, wakabeba walichotaka. Jumapili, baada ya kanisa, alikuja akakaa nami. "Mami," akasema, "nimeamua kuomba leseni ya bunduki. Ningekuwa na uwezo, kila raia angepewa yake. Polisi wakifika, mwizi ameshauza hata mapazia." Kisha akaniuliza kama namwunga mkono. Nilimwambia anipe siku chache. Siku hizo zote nimekuwa nikizungumza na wewe.

Unakumbuka kibaraza chako Thika, nje ya duka la Mhindi? Ulikuwa ukishona viatu na hatamu za farasi, mpaka Hali ya Hatari ilipoingia na wazungu wa mashamba ya kahawa na mkonge wakaanza kuleta kazi nyingine, mifuko ya bastola. Wake zao pia walileta. Siku za likizo ulinibeba kwenye baiskeli kutoka Ruiru, nami nikashinda chini ya meza yako nikiokota mabaki ya ngozi, harufu ya nta na gundi ikinilevya, sindano yako ikipita juu yangu kama ndege anayedonoa. Wewe hukuruhusiwa kushika hata ganda la risasi. Mwafrika aliyekutwa na risasi alinyongwa. Kwa hiyo ulichonga bastola ya mti ya kupimia, na ikiisha kazi ulimpa tajiri yako, yule Mhindi, aifungie kabatini, usije ukaulizwa njiani.

Ulipomaliza kumvalisha mteja na akaondoka, uliniambia polepole, "Mtazame, Maitũ. Anatembea kama mwenye jipu kwapani." Uliniita Maitũ, mama, kwa kuwa nilichukua jina la mama yako. Nilitazama, na kweli, mkono wa yule mzungu haukuweza tena kulala ubavuni.

Kisha wezi wakaja kwetu. Hali ya Hatari ilikuwa imelegea, wapiganaji wa msituni walikuwa wachache, na hawa walikuwa wezi tu. Waliingia kijijini mchana, watu wazima wakiwa kazini na watoto shuleni. Mama alikuwa amerudi mapema kutoka kuchuma kahawa. Walichukua mablanketi, sufuria na koti lako la harusi, wakampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Nilipofika nilimkuta ameketi chini, mgongo ameegemeza ukutani, hataki kuguswa.

Jioni ulimkanda kwa maji ya moto. Alivumilia, halafu akasema bila kukutazama, "Unawashonea watu nguo za bunduki. Nyumbani kwako hakuna hata fimbo."

Wiki hiyo ulikwenda kwa DO, mkuu wa tarafa, yule mzungu uliyekuwa umemshonea mara mbili. Ulirudi na bunduki ya midomo miwili, risasi tano na karatasi ya kibali yenye mhuri.

Sitakudanganya, Baba, nyumba yetu ilitulia. Mama alianza tena kuimba akimenya viazi. Wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, yetu wakaipita. Lakini Njuguna, jirani aliyezoea kuja kuvuta ugoro nawe, sasa alikusalimu akiwa ng'ambo ya ua. "Karibu ndani," ukamwambia siku moja. "Niko sawa hapa," akajibu, macho yakiwa begani kwako, mahali mkanda ulipopita.

Ile Jumamosi tulikuwa tunakwenda kumwona Cucu, nyanya yangu, mama yako, ng'ambo ya shamba la kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, na mikahawa yote ilikuwa imechanua kwa pamoja, kama inavyofanya. Weupe kila upande, na harufu tamu inayokaribia kuumiza kichwa. Ukungu ulikuwa haujainuka. Ulikuwa unasukuma baiskeli, nami nikifuata nyuma nimeshika koti lako, na nadhani tulikuwa tunaota sote wawili kwa jinsi tulivyonyamaza.

Mtu akatokea kati ya mikahawa akikimbia moja kwa moja kuja kwetu, panga mkononi.

Baiskeli ilianguka. Sikukuona ukiishusha bunduki begani, niliiona tu ikiwa tayari imeelekea mbele. "Simama!" ukapiga kelele kwa sauti ambayo sikuijua. Yule mtu alitupa panga, akapiga magoti matopeni, mikono juu. "Ngai! Usiniue, mzee! Mke wangu ana uchungu, mtoto amekataa kutoka, nakimbilia mkunga!" Alikuwa akikata nyasi za ng'ombe wa tajiri alipoletewa habari, akakimbia na alichokuwa nacho. Machozi yalikuwa yakimtoka, kijana wa watu, na maua ya kahawa yamemnasa kichwani.

Uliiweka bunduki chini kama mtu anayelaza mtoto. Ukamwinua yule kijana, ukamfuta matope magotini kwa mkono wako, ukampa baiskeli. "Nenda," ukamwambia. "Nenda, nenda." Alipopotea uliketi palepale njiani. Ukaniambia, "Kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta, Maitũ." Kisha ukaokota bunduki, tukaenda kwa Cucu kwa miguu. Baiskeli ililetwa jioni pamoja na habari kwamba ni msichana, na kwamba mama yake yuko salama.

Jumatatu ulirudisha bunduki. Mama alikusubiri mlangoni.

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Na wezi, nao wamerudisha mapanga yao?"

Haukupita muda mrefu tukapata jibu. Kabla ya Krismasi walikuja tena, mchana, na safari hii Mama hakuketi akawatazama. Aling'ang'ania gunia la mahindi. Walimvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Njuguna na wanawake wa kijiji ndio waliowafukuza kwa kelele na mawe, lakini walichelewa. Mfupa uliunga vibaya, na Mama hakuweza kuinua debe la maji tena maisha yake yote.

Alikuambia mbele yangu, "Ulijua kurudisha bunduki. Sasa nirudishie mkono."

Asubuhi iliyofuata ulichukua debe, ukashuka mtoni. Wanaume walikucheka. Mwanamume mzima, fundi wa Thika, anapanda mlima na debe kama msichana! Ulipanda nalo kila siku kabla ya kwenda kazini, mpaka ulipougua. Mama hakuwahi kusema ulifanya vyema. Baada ya kukuzika nilimuuliza. "Baba yako alinikosea," akasema. "Lakini maji alichota." Akaendelea kuchambua maharagwe.

Jana nilimweleza Njoroge yote, na mkono wa Mama sikuuficha.

"Kwa hivyo Cucu angekuwa na mkono mzima," akasema, maana kwake Cucu ni Mama.

"Pengine. Na mtoto mwingine, kama yule msichana, angezaliwa bila baba."

"Pengine," naye akasema. Ni mtu wa haki, anafanana na wewe. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaogopa nini, Mami? Mimi si mlevi. Sina hasira."

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na ambalo wewe ulistahili kulisikia kwanza. Yule kijana alipopiga magoti, mimi nilifurahi. Nilikuwa mtoto wa kanisa, sijawahi kumpiga hata mbuzi, na mtu mzima alikuwa analia chini mbele yetu, mbele yangu mimi. Nilikuwa nimeona mgongo wa Mama. Nilisema moyoni, piga. Nilitaka kuusikia mlio. Na hata aliposema habari za mkewe, Baba, ile furaha haikuondoka mara moja. Namwogopa mwizi kama kila mtu, lakini huyo mtoto wa miaka tisa namwogopa zaidi. Sijui ameenda wapi. Sidhani amekufa.

Njoroge alikunja fomu yake, akaitia mfukoni. Sijui kama ataipeleka. Ni mtu mzima, ana mke aliyefungiwa chooni, nami sitamlaani akiipeleka. Ila jibu langu amelipata, na aliponiaga alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Ukungu umeanza kuinuka. Acha nikuage kabla hakujawa na kelele za mchana. Ulikwenda ukiamini ulinitisha siku ile, na najua uliibeba hatia hiyo, kwa maana uliniomba msamaha hata kitandani kwako hospitalini. Njiani pale, kati ya yale maua, uligeuka ukaniona natetemeka mwili mzima. Ulivua koti lako ukanifunika, ukasema, "Usiogope, imekwisha."

Haikuwa hofu, Baba.

Lala salama.

Binti yako wa kwanza