Likizo ya Larisa Jikoni Kwangu

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mgeni amefika. Larisa, miaka arobaini na sita, mwalimu wa kemia kutoka Almaty, Kazakhstani. Babu yake alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu — yule aliyevuka kwenda kwa Warusi akiwa kijana, asirudi tena. Jina la ukoo analiandika Kirusi: Ten. Mume wangu nusura alie. "Ten ndiyo Jeong! Ni sisi hao! Tena tawi la mkubwa!" Hilo la tawi la mkubwa kalisema mara nne kabla sanduku halijaingia ndani.

Ananiita mama mdogo. Kikorea chake ni cha bibi wa miaka tisini. Yeye sina neno naye. Nina neno na mume wangu, Dongcheol.

Mwezi wa nane alinikubalia, kwa kinywa chake: mwaka huu Chuseok, sikukuu ya mavuno, hakuna kupika chakula cha tambiko la mababu. Matunda, pombe kidogo, basi. Halafu siku mbili kwenye chemchemi za maji moto, mimi na viganja vyangu hivi ambavyo daktari kasema vipumzishwe. Leo mezani, mbele ya mgeni: "Mama Sora, mwenzetu kaja likizo aone utamaduni wetu. Tutaweka meza kamili."

Tutaweka! Hiyo "tu" ina mikono mingapi?

Ijumaa, 13 Septemba

Joto halitaki kuondoka. Dongcheol kamzungusha Larisa mji mzima asubuhi yote, wamerudi wote wawili na njaa. Yeye kakaa. Mgeni kaingia jikoni.

Kakata karoti nyembamba kama nyuzi, kilo mbili, kazitia siki, vitunguu saumu, giligilani ya unga aliyokuja nayo. Eti chakula cha Kikorea! Nikamwambia nina miaka hamsini na tisa, yote nimekula Korea, sijawahi kukiona.

"Kule Warusi walikowahamishia akina babu kabichi hazikupatikana, mama mdogo," akasema. "Karoti zilikuwepo."

Nikaonja. Tamu, lakini sikumwambia. Mlango wa friji ya kimchi, kabichi zangu za kuchachusha, kauacha wazi saa nzima!

Jumamosi, 14 Septemba

Sokoni. Dongcheol kaandika orodha kwa mkono wake, na pweza yumo — si Chuseok bila pweza, eti. Aliyempika pweza huyo miaka thelathini na moja ni nani?

Larisa anapiga picha kila kitu. Samaki wakavu, mapea, mimi. Na kuuliza! Kwa nini mapea upande huu? Kwa nini samaki aangalie mashariki? Kwa nini pichi haziruhusiwi? Sijui. Nilikabidhiwa hivyo na mama mkwe, na yeye hakuuliza. Muuza samaki kacheka: "Dada, huyo wako ni mgeni au mkaguzi?"

Sora kapiga simu. Haji, yuko zamu hospitalini. "Mama, si ulisema mwaka huu hupiki?" Nikasema mtandao mbovu.

Jumapili, 15 Septemba

Magimbi yamemenywa. Mikono inawasha hadi kwenye kiwiko. Sina la kuandika.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku ya kukaanga. Shemeji Dongpil kaja na boksi la mapea, akakaa sebuleni na kaka yake mbele ya televisheni. Mkewe kabaki nyumbani — mgongo. Mgongo huo una kalenda yake, huamka kila mwaka siku moja kabla ya Chuseok.

Nimekaa sakafuni mbele ya sufuria ya umeme tangu saa tatu. Samaki kwenye unga, kwenye yai, kwenye mafuta. Boga vivyo hivyo. Tofu vivyo hivyo. Larisa ananirekodi video, kila mara "pole pole mama mdogo, geuza tena." Nikageuza tena! Mara akauliza:

"Hawa wazee marehemu tunaowapikia ni wazazi wako?"

"Si wangu. Wangu wako kule Jeongseon, anayewapikia ni mke wa kaka yangu."

"Na wazazi wa huyo mke?"

"Anayewapikia ni wifi yake, mke wa kaka yake."

"Na wa huyo wifi?"

Tukaenda hivyo hivyo, mji hadi mji, kila mmoja akipikia mama wa mwingine. Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha. Larisa hakucheka. Kaweka simu chini, kachukua upawa, kaunguza samaki sita.

Sebuleni Dongcheol kapaza sauti: "Jikoni leo mnakaanga au mnapiga soga?" Na shemeji akacheka. Samaki walioungua nimewapelekea hao hao.

Jumanne, 17 Septemba — Chuseok

Naandika stoo, nimekalia gunia la mchele. Saa mbili asubuhi.

Meza ilipangwa tangu alfajiri. Wanaume kwenye suti. Kwa akina Jeong wake zao hawasujudu. Sisi husimama jikoni na supu. Lakini Larisa kaitwa mbele, eti tawi la mkubwa lianze. Akatazama nyuma.

"Mama mdogo anasimama wapi?"

"Yeye anashughulikia supu," Dongcheol akasema.

"Baba mdogo, mimi ni tawi la mkubwa, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tawi la mkubwa linamngoja." Akakaa chini. Hapo hapo, mkekani!

Shemeji: "Kaka, hili umelitafuta mwenyewe." Dongcheol masikio mekundu. Wote watatu wakageuka kunitazama, na mimi nimeshika kijiko kikubwa kama mlinzi wa geti. Nikakiweka. Nikaja huku stoo.

Na huyu naye nani kamtuma? Alhamisi anapanda ndege yake. Nitakayebaki na masikio yale mekundu ni mimi. Miaka thelathini na moja nimesema nitalisema mwenyewe, kwa maneno yangu, siku yangu. Kalisema yeye, kwa Kikorea cha bibi kizee. Sijui kama hii ni hasira.

Mlango unagongwa. Dongcheol — mlango wa stoo! Hajawahi kuugonga.

"Mama Sora. Pombe imeshamiminwa. Tunakungoja."

Nikamwuliza bila kufungua: "Mnaningoja nilete supu, au mnaningoja mimi?"

Naona vivuli vya miguu yake chini ya mlango. Haondoki. Bado hajajibu.